Tisini na Tatu kwa Wote

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Idara ya Ngazi, Korido na Milango iliutangazia umma kwamba haina mgonjwa wa presha hata mmoja. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ghorofa ya chini, karibu na lile linalosema lifti inashughulikiwa, ambalo lina miaka sita sasa na limepauka. Lilikuwa ni Waraka Namba 14, wenye aya nne, mihuri miwili na sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe. Ulieleza kuwa kila mtumishi wa idara, kuanzia mwenye kiti cha ngozi hadi mwenye ufagio, ana wastani wa shinikizo la damu wa tisini na tatu. Atakayeonekana na namba tofauti atatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi, nakala tatu.

Sista aliusoma mara mbili, mkoba ukiwa bado begani. Sista ndiye muuguzi wa idara. Chumba chake kiko chini, kati ya stoo na choo cha wageni, na ndani yake mna kitanda kimoja, mzani, mashine ya kupimia presha, kopo la vidonge vya kichwa na kalenda ya mwaka juzi. Yumo humo miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo ameshasoma nyaraka nyingi. Huu ulimfanya acheke puani, kisha akanyamaza, kwa sababu ndani ya mkoba wake mlikuwa na fomu tisa zilizosema kitu kingine kabisa.

Ni lazima ielezwe hapa, kwa faida ya wasiojua utendaji wa ofisi kubwa, kwamba waraka ule haukuzuka tu kama uyoga. Ulifanyiwa kazi. Ilikuwa hivi: wiki saba kabla, Wizara iliandika barua ikizitaka idara zote zipime watumishi wake na kuleta wastani wa shinikizo la damu kwenye mishipa ya ateri, ile inayotoa damu moyoni. Idara itakayokuwa na wastani mzuri kuliko zote ingepewa kombe, na mkuu wake angefikiriwa kwa majukumu makubwa zaidi. Mkurugenzi alipofika kwenye neno “kufikiriwa” aliunda kamati siku hiyohiyo.

Kamati ilikutana ghorofa ya tano, kwenye ukumbi wa mikutano. Mkurugenzi alikaa mbele, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye shingo yake huiva kabla hajaanza kuzungumza. Pembeni yake alikaa afisa takwimu, kijana mtanashati mwenye kikokotoo mfukoni, ambaye idara nzima humwita Desimali na yeye huitika. Sista aliitwa kutoa utaalamu. Alifika akihema, maana ngazi ni mia moja na nne.

“Sista, tueleze kitaalamu,” Mkurugenzi akasema. “Lakini kwa kifupi.”

“Presha ina namba mbili, mheshimiwa. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapumzika.”

“Unafanya nini?”

“Unapumzika. Kati ya pigo na pigo.”

“Saa za kazi?”

“Saa zote, mheshimiwa.”

Mkurugenzi aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, kuona kama kuna aliyekuwa analijua hili akaficha. “Unapumzika kwa muda gani?”

“Karibu theluthi mbili ya muda wote. Ndiyo maana ukitaka wastani hujumlishi tu ukagawa kwa mbili. Namba ya chini unaihesabu mara mbili, unajumlisha na ya juu mara moja, halafu unagawa kwa tatu.”

“Yaani kupumzika kunahesabiwa mara mbili, na kazi mara moja?”

“Ndivyo moyo ulivyo.”

“Hilo lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao,” Mkurugenzi akamwambia Desimali. “Watumishi wakilisikia tumekwisha.”

Sista akaendelea, kwa sababu alikuwa amepanda ngazi mia moja na nne na hakutaka zipotee bure. Akaeleza kwamba mtu wa mia na ishirini juu na themanini chini, ukimpigia hesabu, anatoka tisini na tatu na ushee, na huyo mambo yake safi. Kati ya sabini na mia, mtu yuko salama. Wastani ukishuka chini ya sitini, ubongo na figo vinaanza kulala njaa. Ukipanda juu ya mia na kukaa hukohuko, mishipa inachakaa taratibu, bila kelele, mpaka siku moja mshipa wa kichwani unapasuka.

“Bila kelele,” Mkurugenzi akarudia, akionekana kuipenda sifa hiyo. “Mtumishi wa namna hiyo ni nadra siku hizi.”

Wajumbe wakacheka, Sista akashuka zake.

Kesho yake upimaji ulianza. Mtu wa kwanza mlangoni alikuwa dereva wa Mkurugenzi, kwa sababu hufika saa kumi na mbili na nusu kuosha gari. Ni mume wa mdogo wake Sista, mtu mpole, mrefu, mwenye mazoea ya kupiga mluzi anapofikiri. Alikaa, akakunja shati, akapiga mluzi kidogo. Sista akamwambia anyamaze, mluzi unaharibu hesabu. Mashine ikasema mia na themanini juu, mia na kumi na nne chini. Akampumzisha dakika tano, akarudia. Ilisema vilevile.

“Shemeji, unajisikiaje?”

“Niko poa tu, shemeji. Kichwa cha nyuma ndiyo kinagonga asubuhi. Na nikiendesha naona vimulimuli pembeni.”

“Vimulimuli mchana?”

“Vidogo tu. Nishavizoea.”

Sista alipiga hesabu kwenye kiganja. Mia na thelathini na sita. Akachukua fomu ya rufaa, akaandika namba 001, akaijaza yote mpaka pale chini panapohitaji sahihi ya Mkurugenzi. Bila sahihi hiyo, hospitali kuu haimpokei mtumishi. Dereva alishawahi kwenda mara mbili bila fomu, akarudishwa mara zote mbili, na mara ya pili waliandika jina lake kwenye orodha ya wasumbufu.

Watumishi walikuwa arobaini na mmoja. Tisa kati yao walivuka mia, na wa tisa alikuwa Mkurugenzi. Yeye alipimiwa ofisini kwake, mia na tisini kwa mia na ishirini, akiwa anamfokea mtu kwenye simu. Sista alimwomba aweke simu chini. Alipoiweka, ilikuwa vilevile.

“Wastani wako mia na arobaini na tatu, mheshimiwa. Hii inahitaji daktari leo.”

“Presha yangu, Sista, ni ya kazi,” Mkurugenzi akasema. “Siwezi kuitenga na ya wenzangu.”

Hapo ndipo Desimali alipoonyesha kwa nini alisomeshwa. Aliwachukua watu wote arobaini na mmoja, akawajumlisha, akawagawa, akapanda na karatasi ghorofa ya tano akiruka ngazi mbilimbili. Wastani wa idara ulikuwa tisini na tatu. Mkurugenzi alimwambia asome tena. Alisoma tena. Mkurugenzi akasimama, akamshika mkono, akaangalia nje ya dirisha kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga.

“Kama wastani ni tisini na tatu,” akasema, “basi mgonjwa ni nani?”

Swali hilo liliwekwa mezani mbele ya kamati, nayo kamati, baada ya chai, ikaona halina jibu. Ikaazimiwa kwamba idara haiwezi kuwa na takwimu mbili. Fomu tisa za Sista zilirudishwa na karatasi ndogo juu yake: *Hazihitajiki. Tazama wastani.* Kadi za afya za watumishi wote zikakusanywa, zikagongwa muhuri wa 93, zikasainiwa na Mkurugenzi, zikarudishwa kwa wenyewe. Dereva aliitazama yake, akapiga mluzi, akaitia kwenye droo ya gari pamoja na vitambaa vya kufutia vioo.

Jioni ile mdogo wake Sista alimpigia dada yake simu.

“Dada, mume wangu ananiambia amepona.”

“Hajapona.”

“Ameonyesha kadi. Ina muhuri.”

“Muhuri haushushi presha, mdogo wangu.”

“Sasa si umpe dawa wewe? Wewe si sista?”

“Nina vidonge vya kichwa na plasta. Dawa yake mpaka daktari amwone, apimwe figo, apimwe moyo. Na daktari hamwoni bila fomu.”

Mdogo wake akauliza kwa sauti ndogo, “Anaendesha gari na hali hiyo?” Sista akasema ndiyo. Usingizi ulimpaa usiku ule, na mwingine mwingi uliofuata. Kila asubuhi alitia zile fomu tisa mkobani, akapanda ngazi mia moja na nne, akaomba kumwona Mkurugenzi. Aliambiwa yuko kikaoni. Mara moja alimkuta, akamwomba asaini japo ile ya kwanza tu.

“Nikisaini ya kwanza,” Mkurugenzi akasema kwa upole, “ya pili itauliza kwa nini. Unazijua taratibu. Fomu haziruki namba.”

Hiyo ni kweli. Mwaka uliopita fomu 005 ilimwagikiwa chai, na watu waliokuwa nyuma yake walikaa na mafua yao hadi iliyoharibika ilipofutwa rasmi.

Wakati huohuo idara iligundua hazina yake. Mlinzi wa getini, mzee mkavu anayeitwa Kamanda, alikuwa na tisini kwa sitini, wastani sabini, na hakuna mtu katika jengo zima aliyekuwa chini kuliko yeye. Desimali alipochora jedwali ilionekana wazi kwamba mzigo wa Mkurugenzi, kwa sehemu kubwa, unabebwa na Kamanda. Hatua zikachukuliwa. Kamanda alipewa kiti chenye mto na mwavuli. Akaandikiwa barua ya kumkataza kupanda ngazi, kufukuza wezi na kusikiliza taarifa ya habari. Wageni waliagizwa wasimpe habari mbaya, na kama hapana budi, waziache kwa katibu muhtasi.

Kamanda alichotaka ni likizo tu. Binti yake alikuwa amejifungua, mjukuu wa kwanza, na alikuwa hajamwona. Aliomba wiki tatu. Desimali alipiga hesabu: Kamanda akiondoka, idara inapanda hadi tisini na nne. Ombi likarudishwa.

“Unanyimwa likizo na hukasiriki?” Sista akamuuliza pale getini.

“Najaribu, mwanangu,” Kamanda akasema, akiitia fomu ya likizo kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. “Nakaa hapa nakasirika kutoka asubuhi. Halafu upepo unakuja na huu mto, nasinzia.”

Taarifa ya idara ilipofika Wizarani ilisomwa kwa makini na watu ambao nao walikuwa na wastani wa kuupeleka juu. Jibu lilikuja upesi. Kombe ni la Idara ya Ngazi, Korido na Milango. Zaidi ya hapo, utaratibu wa Mkurugenzi ungechukuliwa na taasisi zote, hospitali zikiwemo, kwa jina la Mfumo wa Wastani. Mkurugenzi aliombwa apendekeze siku na saa ya kuanza. Alipendekeza Ijumaa, saa kumi kamili alasiri, ili sherehe iwe imekwisha.

Jumatatu ya wiki hiyo ukabandikwa Waraka Namba 14, na Ijumaa ukumbi wa ghorofa ya tano ulipambwa kwa maputo. Watumishi walipandishwa kwa mafungu. Dereva alifika juu ameshika ukuta. Sista alimwona akikaa kwenye kiti cha nyuma na kufumba macho, midomo imekaa kama ya kupiga mluzi lakini hautoki, akapandwa na hofu mpaka akashindwa kupiga makofi. Kamanda, kwa mujibu wa barua yake, aliwakilishwa na picha.

Mjumbe wa Wizara alizungumza dakika arobaini. Mkurugenzi akazungumza zaidi. Alisema kwamba katika zama zilizopita kila mtu alikuwa na presha yake, ya kibinafsi, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa matatizo. Shingo yake ilikuwa imeiva kuliko siku zote. Saa tisa akaitwa kupokea kombe. Akanyoosha mkono wa kulia, akalishika, na vidole vikakataa.

Kombe lilianguka, likatoka mlangoni, likashuka ngazi moja baada ya nyingine, na kwa kuwa hii ni idara ya ngazi, watu walidhani ni sehemu ya ratiba. Walishangilia mpaka lilipofika ghorofa ya tatu.

Sista hakushangilia. Alikwishafika mbele na mashine yake. Walimwingiza Mkurugenzi ofisini, wakamlegeza tai. Mia mbili na mbili juu, mia na ishirini na sita chini.

“Mia na hamsini na moja,” Sista akasema.

“Ya idara?”

“Ya kwako.”

“Haiwezekani. Mimi ni tisini na tatu.” Ulimi wake ulikuwa mzito kidogo. “Desimali, mwambie.”

Desimali alitoa kikokotoo, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akifanya hivyo.

“Mkono wako unasemaje, mheshimiwa?” Sista akauliza.

Mkurugenzi aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya meza. Ulikuwa hausemi kitu. Macho yake yakajaa woga, woga wa kawaida kabisa wa mtu yeyote, na Sista akamwonea huruma hata kabla hajataka.

“Niandikie fomu,” akasema.

“Fomu yako ipo. Niliijaza wiki saba zilizopita. Namba 009.”

“Ilete nisaini.”

Sista alifungua mkoba, akaweka fomu zote tisa mezani. Ile ya juu ilikuwa 001. Mkurugenzi alizitazama, akaelewa, na kwa kuwa utaratibu ule aliuweka mwenyewe, hakupata mahali pa kuupinga. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Alisaini ya dereva kwanza, kisha ya mpiga chapa, kisha ya mhasibu, zote tisa, sahihi zimepinda kama zimeandikwa garini, na Desimali akizigonga muhuri nyuma yake. Ilichukua dakika mbili. Sista alikuwa ameshatuma mtu awashe gari kabla ya kalamu kugusa karatasi, maana hakutaka mtu afe. Alitaka ile ya kwanza tu isainiwe, na alipoiona imesainiwa alitamani kulia pale pale mbele ya Desimali.

Chini, dereva alikuwa ameshika ufunguo.

“Shemeji, toka hapo. Wewe ni mgonjwa, una fomu. Kaa nyuma.”

“Sasa nani ataendesha?”

Kamanda alinyanyuka kwenye mto wake. Zamani, kabla ya geti, aliwahi kuendesha lori. Aliendesha taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani, akisimama kwa kila anayevuka na kumngoja afike ng’ambo. Nyuma, Mkurugenzi na dereva wake walikaa bega kwa bega.

“Hivi na wewe kichwa kinagonga kwa nyuma?” Mkurugenzi akauliza.

“Kinagonga, mzee.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla ya waraka.”

Walifika saa kumi kasoro dakika nane. Mapokezini kulikuwa na dirisha, benchi moja refu, na karani wa kike mwenye miwani ya kamba, ambaye juu ya kichwa chake kulikuwa na saa ya ukutani. Sista alipenyeza fomu mbili, pamoja na kadi za afya. Karani alizipanga kwa namba, akasoma 001, akaigeuza, akaangalia sahihi, akaangalia muhuri.

“Huyu aingie.”

Dereva akaingia. Mlango ulipofunguliwa Sista alimwona daktari akimkalisha, akimfunga mkono, akiangalia mashine na kuacha kutabasamu. “Huyu harudi nyumbani leo,” daktari akamwambia nesi. “Andaa kitanda.” Sista akaegemea ukuta, akamwandikia mdogo wake ujumbe wa maneno mawili: *Amepokelewa. Njoo.*

“Sasa mimi,” Mkurugenzi akasema.

Karani aliinua kichwa akaitazama saa. Ilikuwa saa kumi kamili. Akafungua droo, akatoa waraka mpya wenye mihuri, akaubandika kwenye kioo cha dirisha kwa utaratibu, pembe nne.

“Kuanzia sasa tunatumia Mfumo wa Wastani,” akasema. “Hatupimi mtu. Tunapima benchi.”

Kwenye benchi walikuwa watu wanne: mama mjamzito, mzee mwenye fimbo, Kamanda aliyekaa kupumzika, na Mkurugenzi. Nesi alipita na mashine. Mama themanini, mzee themanini na nane, Kamanda sabini, Mkurugenzi mia na hamsini na moja. Karani alijumlisha kwenye pambizo la gazeti, akagawa.

“Tisini na saba. Hongereni. Benchi halina mgonjwa.”

“Mama, mimi naumwa,” Mkurugenzi akasema. “Mkono huu haufanyi kazi.”

“Kadi yako hapa inasema tisini na tatu, mheshimiwa. Imesainiwa na mkubwa fulani.” Akaisogeza miwani. “Sahihi inafanana na yako.”

“Presha ile ilikuwa ya idara!”

“Basi ilete idara tuipime.”

Sista alikuwa ameshafika dirishani. Alizungumza na karani kwa sauti ya chini, muuguzi kwa karani, watu wanaojua milango ya pembeni ya kila jengo. Karani alisoma waraka tena tangu mwanzo. Kisha akasema kwamba waraka unataka wastani wa benchi, lakini hausemi benchi liwe na watu wangapi.

“Waombe wasimame,” Sista akamwambia Mkurugenzi. “Lakini uombe mwenyewe.”

Mkurugenzi alimgeukia mzee mwenye fimbo. Maneno yalimtoka kwa shida, na si kwa sababu ya ulimi peke yake. “Shikamoo, mzee. Naomba unisaidie. Ukisimama, itaonekana hii presha ni yangu.”

“Marahaba. Kwani ulikuwa unasema ni ya nani?” mzee akauliza, akasimama. Mama mjamzito naye akanyanyuka, akajishika kiuno. Karani akapiga hesabu ya waliobaki.

“Mia na kumi na nusu. Benchi lipunguze chumvi, lirudi baada ya miezi mitatu.”

Watu wote wakamtazama Kamanda. Kamanda alikuwa amekaa raha mstarehe, miguu ameinyoosha, wastani wake sabini. Alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti la Mkurugenzi.

“Likizo yangu, mheshimiwa. Wiki tatu.”

Mkurugenzi alisaini kwa mkono wa kushoto. Kamanda akaisoma sahihi, akapuliza wino, akaikunja, akairudisha mfukoni na kufunga kifungo. Ndipo akasimama, bila haraka, na pale pale presha ya Mkurugenzi ikarudi kwa mwenyewe.

“Mia na hamsini na moja,” karani akasema. “Sasa ni mgonjwa. Daktari anakungoja. Ila waraka huu umeigwa kutoka ule wako: aya ya nne, mwenye namba tofauti anatoa maelezo kwa maandishi.” Akampa karatasi.

Mkurugenzi hakubisha. Aliinama juu ya benchi lililokuwa tupu kulia na kushoto kwake, akaandika kwa mkono usiozoea, herufi kubwa zinazoteremka mstari: PRESHA NI YANGU.

Karani aliisoma, akaigonga muhuri, akanyoosha mkono kungoja nakala mbili zilizobaki. Sista akazinakili chapuchapu, akamshika Mkurugenzi kwapani, akamwingiza ndani.